Shemeji ananiuzia boti na mashine yake, anataka jibu Ijumaa

Mzee, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 41, mkaanga samaki hapa Kilwa Kivinje. Nina watoto watatu. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Kila alfajiri nashuka pwani kusubiri vyombo, nanunua changu, tasi na vibua, na siku ikiwa nzuri kolekole wa kukata vipande. Nakaanga mchana, jioni nauza barazani kwangu na vingine napeleka Kilwa Masoko. Watoto wanasoma, nyumba ina bati, sina la kulalamika sana isipokuwa samaki wenyewe. Msimu wa kaskazi wapo. Kusi ikija vyombo vinavyotoka ni vya kuhesabu, na kila mwenye chombo ana wateja wake wa siku zote. Mimi nasimama na ndoo yangu, mnada unapanda, nanunua hivyohivyo kwa kuwaogopa wateja wangu, na mwisho wa siku nimewafanyia kazi wauza mafuta ya kupikia.

Ndiyo nikaanza kuwaza kuwa na chombo changu mwenyewe, samaki wafike kwangu kwanza.

Sasa amejitokeza shemeji. Si wa damu, alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu, na siku ya maziko ndiye aliyeingia kaburini kumlaza. Anauza boti ya faiba ya futi 23 na mashine Yamaha ya nguvu za farasi 15, vyote pamoja milioni nane. Anasema mgongo umechoka, bahari haitaki tena. Jumapili nilikwenda na mdogo wangu wa kiume kuitazama. Boti imepakwa rangi mpya ya bluu, inapendeza. Ndani kulikuwa na maji kidogo, akasema ni ya mvua. Mashine alikuwa ameshaiweka kwenye pipa la maji kabla hatujafika, akavuta kamba mara moja tu ikawaka. Maji yalikuwa yanatoka pembeni taratibu kama chai inayomiminwa. Mdogo wangu alishika kifuniko akasema mbona cha moto, shemeji akamwambia jua. Kibandiko cha namba za mashine kimekwanguka, akasema ni chumvi. Risiti hana, maana na yeye aliinunua mkononi kwa mtu. Leseni anasema ipo, nitatumia ya kwake mpaka iishe.

Pesa niliyonayo ni milioni tano na nusu, akiba ya miaka sita. Milioni mbili na nusu nitakopa kwenye kikoba chetu, riba asilimia 10, kurudisha ni miezi mitatu. Nahodha atakuwa huyo mdogo wangu, ana miaka 26, ni baharia kwenye dau la watu. Anasema chombo kikirudi vizuri kinauza laki mbili na nusu mpaka laki tatu kwa safari. Gharama zinatolewa kwanza, kinachobaki nusu ya chombo, nusu ya mabaharia.

Nilimuuliza shemeji kama naweza kuleta fundi. Akacheka: "Shemeji, leo mimi wa kukaguliwa?" Nikaona haya, nikanyamaza. Anataka jibu Ijumaa kwa sababu kuna mtu wa Mtwara anaitaka. Masika ndiyo yanaanza. Ninunue?

Mkaanga Samaki, Kilwa Kivinje

*

Marahaba, mwanangu. Na pole, miaka minne bado ni jana.

Ijumaa iache ipite. Huyo mtu wa Mtwara, kama yupo, naye ana macho, ataiona kusi inavyokuja. Mwanzo wa kusi si wakati wa watu kugombea boti. Ndipo zinapoanza kuvutwa juu na kulazwa chini ya mikoko. Mwenye haraka hapo ni muuzaji.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu linakwama mahali ambapo wewe umepita mbio, kwenye kibandiko cha namba. Umekitaja katikati ya chai na leseni kama kitu cha kupita njia. Kwangu mimi barua yote iko hapo.

Mashine za Yamaha namba yake iko kwenye kibandiko upande wa kushoto, pale kwenye bano linaloshika nyuma ya boti. Chumvi naijua, nimetengeneza mashine za boti Tanga kwa miaka thelathini na chumvi ndiyo iliyonisomeshea watoto. Chumvi hufifisha maandishi na hutia kutu kwenye boliti. Haikwangui kibandiko ikaliacha bano lenyewe zima. Mtume mdogo wako arudi peke yake, bila maneno, apatazame pale. Akiona mistari ya kisu au ya msasa, basi kuna mkono wa mtu.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimelia. Mwaka 1998, mvua za El Niño zimetoka kupita, nilinunua mashine isiyo na namba kwa mtu niliyekuwa nakunywa naye kahawa kila jioni. Bei ilikuwa tamu. Mwezi wa nne akaja kijana pwani ana risiti mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mashine yangu, akanionyesha alama aliyoichonga mwenyewe kwa bisibisi chini ya kifuniko. Ilikuwa imeibwa kwao usiku. Mashine ikaondoka, pesa yangu haikurudi, na kahawa ile ikafa. Yule niliyenunua kwake hakuwa mwizi, alikuwa ameuziwa kama alivyoniuzia. Kwa hiyo simtuhumu shemeji yako. Huenda naye alinunua kwa kumwonea mtu mwingine haya, kama wewe unavyotaka kununua kwa kumwonea haya yeye.

Lakini ikiwa hakuna namba, hakuna risiti, na hawezi kukupeleka kwa mtu aliyemuuzia mkakaa watatu mkaandikiana mbele ya serikali ya mtaa, mashine hiyo usiichukue hata kwa laki tano.

Tuseme sasa namba imepatikana na karatasi zimepatikana. Bado kuna hilo pipa. Mashine ya kuuza huonwa ikiwa baridi. Ikishawashwa nusu saa kabla mnunuzi hajafika, hata iliyochoka huitikia mvuto wa kwanza, na kilichokutana na kiganja cha mdogo wako si jua. Huyo kijana ana akili ya mashine, mtunze. Siku mkirudi, rudini alfajiri bila kutoa taarifa ndefu, aguse kifuniko kwanza, kiwe baridi kama chungu cha jana, ndipo kamba ivutwe. Mara tatu au nne kwa mashine baridi si kosa. Mara kumi na tano ni kosa.

Halafu hiyo chai yako. Umeieleza vizuri kuliko vijana wengi wa gereji. Yale maji ya pembeni ndiyo yanayoonyesha kwamba mashine inapoa. Sisi mafundi tulikuwa tukisema mashine inakojoa, na mzima hukojoa kwa nguvu. Yakitoka kwa kuchuruzika, mara nyingi ni impela iliyokwisha, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji juu. Impela yenyewe si ghali. Kwenu Kivinje, maji yanapotoka na tope kubaki wazi, nahodha mwenye papara huwasha mashine kwenye maji ya magotini, ikavuta mchanga na tope, na impela inasagika kabla ya wakati. Kinachonitisha ni muda. Kama mashine imekuwa ikichuruzika hivyo mwaka mzima na watu wanaenda nayo tu, basi imekuwa ikichemka, na mashine iliyochemka inajikwaruza ndani ambako rangi haifiki.

Hapo ndipo fundi anapohitajika. Yamaha 15 ya mchanganyiko wa oili na petroli ina silinda mbili. Fundi anatoa plagi, anafunga kipimo cha mgandamizo kwenye tundu moja, anavuta kamba, anasoma. Kisha la pili. Namba mbili hizo zikipishana zaidi ya asilimia 10, silinda moja imeanza kufa. Ni kazi ya robo saa. Afungue pia skrubu ya chini kwenye giaboksi, oili ichuruzike kidogo kwenye kidole. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ya bahari yameingia kwenye gia. Baada ya hapo boti itoke nje ya pipa, iingie baharini na watu wanne na mzigo wa madumu ya maji, saa nzima, na nusu yake iwe kwa kasi kamili. Kwenye pipa hata mimi na mgongo wangu huu naonekana kijana.

Boti yenyewe. Rangi mpya siku ya kuuza sina ugomvi nayo, hata bibi harusi hupambwa. Ila ubao wa nyuma unaobeba mashine uangalieni bila huruma. Ndani ya faiba pale huwa wameweka plaiwudi, na mashine inaponing'inia na kutikisika miaka nenda rudi, maji hujipenyeza kwenye matundu ya boliti na plaiwudi inaoza huku faiba ya nje inang'aa. Chukua mpini wa bisibisi, gonga kuanzia kona moja hadi nyingine, polepole. Palipo pazima panalia kavu, ko ko ko. Palipooza panajibu kama unagonga papai. Kisha mdogo wako ashike mashine kwa juu aivute mbele na nyuma kwa uzito wake wote, wewe utazame ubao. Ukiuona unacheza, au ufa mwembamba unafunguka kwenye kona, hapo kuna kazi ya kukata na kujenga upya, na kazi hiyo bei yake inatoka kwenye milioni nane za shemeji, haiongezwi juu yake.

Maji ya ndani usiambiwe ni ya mvua. Yakaushe kwa kitambaa, boti ikae inaelea toka maji yajae mpaka yatoke, kisha chovya kidole na uonje. Mvua haina chumvi.

Na muulize swali moja ambalo watu wa Kilwa hamuwezi kulisahau: Kimbunga Hidaya kilipopita mwezi Mei 2024, boti hii ilikuwa wapi? Ilikuwa imevutwa juu, au ilikuwa nangani ikagongana na nyingine? Usimuulize yeye tu, waulize waliokuwa pwani siku ile. Boti iliyovunjika mbavu na kuzibwa vizuri si haramu, mradi ujue umenunua nini.

Nimeongea sana habari za bisibisi, na hilo ni kosa la mafundi wote. Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo niliposimama nikaweka miwani vizuri.

Mdogo wako anasema chombo "kikirudi vizuri." Mwanangu, nimewajua mabaharia maisha yangu yote, na hakuna anayehesabu siku kilichorudi vibaya. Lakini tumkubalie, tuchukue laki mbili na sitini kwa safari. Mashine ya 15 ya aina hiyo ikienda kwa kasi hula kama lita sita mpaka saba kwa saa. Kwenda, kurudi na kuhamahama mwambani, weka lita 20. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, hiyo ni 60,000. Oili ya kuchanganya, sehemu moja kwa hamsini, ni kama 6,000. Chambo na barafu 25,000. Chakula cha watu 12,000. Jumla 103,000 kabla ndoana haijagusa maji. Zinabaki 157,000, nusu yako ni 78,500.

Safari ngapi kwa mwezi? Mishipi haitaki maji ya bamvua yanayokimbia, kuna Ijumaa, kuna msiba, kuna siku plagi imegoma. Kumi na nne ni mwezi mzuri. Umepata 1,099,000. Usiufurahie bado. Kila safari weka pembeni 20,000 ya matengenezo, isiguswe hata kwa ada ya shule, kwa sababu chombo cha mkono wa pili lazima kiitumie. Unabaki na 819,000.

Kikoba kinataka milioni mbili na laki saba na nusu kwa miezi mitatu, yaani laki tisa na elfu kumi na saba hivi kila mwezi.

Umeona? Katika mwezi mzuri, bahari imetulia, mashine haijaharibika, mdogo wako mwaminifu kama malaika, boti bado haiwezi kulipa deni lake. Wewe hununui mwezi mzuri. Unanunua masika, na nyuma yake Juni, Julai na Agosti, miezi ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa haichoki kutangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili. Safari kumi na nne zinakuwa sita. Deni litalipwa na karai lako la samaki, na karai hilo ndilo linalolisha watoto watatu.

Kwa hiyo jibu la "ninunue?" ni usinunue, si hivyo na si sasa. Ila barua yako ina swali jingine ambalo hukuliandika. Umesema unataka samaki wafike kwako kwanza. Hukusema popote kwamba unapenda boti. Unachotafuta ni samaki wa msimu wa kusi, na samaki hao kuna njia ya kuwapata bila kumiliki hata kasia.

Kusi ikichacha, tatizo la manahodha wengi ni pesa ya kutokea. Chombo kipo, watu wapo, petroli haipo, kwa sababu safari ya jana ilirudi mtupu. Watafute wawili ambao vyombo vyao unavijua, unaowaona wanaosha mashine kwa maji baridi kila wakirudi (hiyo peke yake inakwambia tabia ya mtu). Mwambie kila mmoja: gharama ya safari nitatanguliza mimi, wewe samaki utaniuzia mimi kwanza, kwa bei ya mnada wa siku hiyo, nitakata pesa yangu na iliyobaki unaipata palepale. Usiwapunje bei. Matajiri wengi wa pwani hutanguliza mafuta kisha wanamnyonga nahodha kwenye mizani, ndiyo maana nahodha akipata mwanya anawauza samaki hukohuko baharini. Ukilipa bei ya watu, utapendwa na utapewa. Kwa akiba yako, laki tano au sita za kuzungusha zinatosha kuanzia. Safari nyingine zitarudi bila kitu na deni litasogea mbele, jiandae kwa hilo, usitoe safari ya tatu kabla ya mbili kulipwa.

Na nunua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, nawe kwa daftari hilo utapata kitu ambacho mdogo wako hawezi kukupa: hesabu ya kweli ya chombo cha Kivinje, lita kwa lita, safari kwa safari, zile nzuri na zile mbaya. Novemba kaskazi ikianza utakuwa na kurasa za miezi sita. Zikionyesha kwamba mwenye chombo anapata, nunua. Zikionyesha kwamba anayepata ni muuza samaki, utakuwa umejifunza kwa bei ndogo sana.

Wakati huo mdogo wako naye asikae. Baharia wa dau ni mtu wa kuheshimiwa, ila upepo hauhitaji kabureta. Aombe kwenda kwenye chombo cha mashine, hata kwa fungu dogo, ajifunze kubadilisha plagi chombo kikiyumba na kurudi na theluthi ya mafuta ikiwa bado kwenye dumu.

Kikoba kiache. Pale halmashauri kuna fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani, na katika hizo nne ni za vikundi vya wanawake, bila riba. Karatasi ni nyingi na subira inahitajika, lakini kusi yote iko mbele yako. Jikusanyeni wakaanga samaki wenzako, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii.

Ile ya kutumia leseni ya shemeji, hapana. Chombo cha uvuvi husajiliwa na kukatiwa leseni kila mwaka, na siku ya doria jina lililo kwenye karatasi ndilo linaloulizwa. Kabla ya kulipia chombo chochote, Novemba au mwaka wowote, pita kwa afisa uvuvi na kwa watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinacholinda pwani, uulize kama kina kesi. Chombo kilichowahi kukamatwa na baruti BMU wanakijua, hata kikipakwa rangi saba.

Kuhusu boti ya shemeji, kama Novemba bado ipo, na ubao wa nyuma unalia kavu, mimi ningenunua boti peke yake. Agawe bei: boti kiasi gani, mashine kiasi gani. Mashine abaki nayo mpaka namba ipatikane. Boti tupu hailali njaa pwani yetu, kuna watu wana mashine hawana chombo, na mwenye mashine huchukua fungu lake kama mwenye nyavu anavyochukua la kwake. Jaketi za kuokolea za watu wote, nanga, makasia na tanga dogo la dharura uvihesabu ndani ya bei siku hiyo, si baadaye.

Limebaki lile la haya, na naona ndilo lililokufanya uandike. Aliingia kaburini kumlaza mumeo, utampelekeaje fundi? Fundi asitangulie. Nenda kwake Alhamisi jioni, kabla ya Ijumaa yake, na usiende mikono mitupu, mpelekee samaki. Kaeni. Muulize mgongo. Kisha mwambie: "Shemeji, Ijumaa hii sinunui, maana pesa hii ni ya yatima wa rafiki yako, mimi naishika tu. Nisaidie kuilinda. Nionyeshe aliyekuuzia mashine, tukaandikiane, na boti tuiweke majini siku mbili mdogo wangu alale nayo." Halafu nyamaza, mimina chai, umsikilize atakachosema.